Ngamia wa Chini ya Maji

Kazi yangu Lodwar ni picha za pasipoti. Niseme mapema ili usije ukanidhania mtu wa maana. Nina chumba kimoja cha mabati karibu na stendi, shuka jeupe ukutani, kiti cha plastiki chenye ufa mgongoni, na mdomo wangu, ambao nautumia kutwa kuwaambia watu wasicheke. Watu wetu wakikaa mbele ya kamera wanataka kucheka, na serikali haitaki. Funga mdomo. Inua kidevu. Mzee, toa kofia. Nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Kumkataza binadamu kucheka miaka yote hiyo lazima kukuharibu mahali, na mimi kuliniharibu hivi: nikaanza kupiga picha za vitu ambavyo havipo.

Ugonjwa ulianzia Kakuma. Huwa naenda huko kununua karatasi za picha na wino kwa mfanyabiashara mmoja Msomali, na duka lake limejaa vioo. Vya kunyolea, vya ukutani, vya kabati, vingine vina fremu za dhahabu kana kwamba Kakuma nzima tunaishi ikulu. Siku moja alikuwa ametoka kwenda kuswali, akaniachia kigoda na onyo. "Wallahi, dada, ukivunja umenunua." Nikakaa nimekunja mikono nisiguse kitu. Mara akapita mama mmoja wa Sudan Kusini barabarani, mrefu, na mzigo wa kuni kichwani. Kioo cha kwanza kikamchukua kichwa na kuni. Cha pili kikachukua miguu tu. Cha tatu kikachukua mbingu, na mbingu hiyo ikaangukia kwenye rafu ya thermosi. Nikapiga. Nilipotazama kwenye kamera, sikujua duka linaishia wapi na barabara inaanzia wapi. Yule mama alikuwa anaingia ndani ya thermosi na kuni zake zote! Nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka akarudi mbio kuhesabu vioo.

Nikampelekea mwenzangu ndani ya kambi ya wakimbizi, mpiga picha Mkongo, mtu wa suti hata jua likiwa la kukaanga mayai. Aliitazama, akavua miwani, akaitazama tena.

"Dada, hii iko muzuri sana," akasema. "Mutu hatajua ya kweli ni gani."

Akanieleza kwamba kuna watu huko duniani wanafanya hivyo makusudi, tena wanatundika ukutani. Halafu akaniambia kuna maonyesho madogo yanakuja, kwenye ukumbi wa Kakuma, na kila mpiga picha ataleta picha moja kubwa. "Leta ya maji ao ya kioo. Usilete pasipoti, nakuomba."

Basi nikarudi Lodwar nimepagawa. Nilipiga matako ya sufuria. Nilipiga karai la kufulia, miwani ya askari, dimbwi lililo nyuma ya soko ambalo sitasema ni la maji gani. Wateja walianza kulalamika. Kijana mmoja wa bodaboda alitaka picha yake na pikipiki mpya, amtumie mchumba wake aliyeko Kalokol. Mimi nikampiga kupitia kioo cha pikipiki yenyewe. Ikatoka vizuri ajabu: mawingu, duka la dawa limepinda kama ndizi, na chini pembeni yeye.

"Madam, hii ni nini sasa?"

"Ni wewe."

"Hii ni sikio."

"Ni sikio lako."

"Na si hata sikio nzima! Huyo dem ni wa Kalokol, kule ziwani, amezoea kuona samaki mzima. Sasa nimtumie kipande?"

Nilimwambia hajui sanaa. Akaniambia mimi sijui kazi. Nikampiga upya, wima, mkono kiunoni, akaondoka ameridhika. Nilikasirika siku mbili.

Sasa niwaeleze habari ya wazazi wangu, maana ndiyo iliyonitoa jasho.

Wazazi wangu wanaishi Lorugum. Wamekaa pamoja tangu kabla sijazaliwa, na mimi nakaribia arobaini. Lakini kwetu Waturkana, kukaa pamoja na kuzaa si ndoa. Ndoa inakamilika mifugo ikifika yote kwa wakwe na ng'ombe dume akachomwa mkuki nyumbani kwa mwanamke. Kabla ya hapo mwanamke ni mgeni wa kudumu tu, hata awe na wajukuu, na watoto ni wa wajomba zao. Baba alipeleka mbuzi, akapeleka punda, akapeleka tena mbuzi. Walibaki ngamia. Kila alipowakusanya, ukame ulikuja ukachukua nusu, na nusu iliyobaki ikawa karo yetu. Hivyo mimi nimesoma kwa harusi ya mama yangu. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kunisemea hilo, lakini nalijua.

Mwaka huu baba alikuwa na ngamia tisa kamili. Alikuwa pia na kifua kibaya. Daktari wa Lodwar alimsikiliza mgongo, akatikisa kichwa kwa namna ambayo hata mtu asiyesoma anaielewa. Tulipotoka pale mama aliniambia jambo moja tu, tukiwa bado langoni.

"Sitaki kuwa mjane wa mtu ambaye hakunioa."

Hakulia. Alisema kama mtu anayesema chumvi imeisha. Tangu siku hiyo akaanza kulainisha ngozi ya kuvaa harusini, akiipaka mafuta na kuishonea shanga jioni baada ya jioni, mwanamke mwenye mvi, akiimba chinichini.

Wajomba wako Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda. Kabla ngamia hawajatembezwa mpaka huko, wajomba walitaka kuwaona. Zamani wangetuma mtu. Siku hizi wana mwalimu wa shule ya pale mwenye simu kubwa. Wakasema, si mna binti mpiga picha? Atume picha kwa mwalimu, tuwaone, tupange siku.

Hii ndiyo kazi niliyopewa. Mtoto wa darasa la tatu angeiweza.

Nilifika silanga la Lorugum, bwawa la kunyweshea mifugo, alfajiri, maji yametulia, hakuna upepo. Ngamia wa baba wakaja kunywa ng'ambo ya pili, wakasimama mstari mmoja, ubavu wa kulia umenielekea. Na majini chini yao wakasimama ngamia wengine tisa, vichwa chini, miguu juu. Nikapiga. Nikageuza kamera kichwa chini miguu juu kuwatazama wale wa majini, na nikashika kifua. Jamani! Walikuwa wazuri kuliko wenyewe. Wa nchi kavu ilikuwa kiangazi, mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa Lodwar. Wa majini, kijiwimbi kidogo kilikuwa kimewafuta mbavu, kimewalainisha nundu, wamenona, wanang'aa, wanaelea kwenye ardhi iliyo anga.

Nikaigeuza picha ile. Nikakata wale wa juu wote. Wakabaki wa majini tu, sasa wamesimama wima kama ngamia wa watu wenye heshima. Moja nikaichapa kubwa kwa ajili ya Kakuma. Na ileile, kwa kiherehere changu, nikaituma kwa mwalimu.

Niseme ukweli: niliona aibu. Sikutaka wajomba waone zile mbavu waseme dada yao ameuzwa kwa mifupa. Na pia nilitaka kusifiwa. Yote mawili.

Siku ya maonyesho nilivaa gauni. Ukumbi ulijaa: vijana wa kambi, walimu, watoto waliofuata soda. Picha yangu ilitundikwa katikati na mimi nikasimama pembeni yake kama bibi harusi. Mkongo akawa anawaleta watu mmoja mmoja. Walisimama, wakainamisha vichwa, wakauliza ni wapi hapa, ni angani ama ni chini. Nikawajibu kwa sauti ya chini, ya kisanii. Kisha akaja yule Msomali wa vioo. Yeye amezaliwa katika ngamia. Alitazama kwa muda mrefu sana, ndevu mkononi.

"Dada," akasema, "hawa ngamia wananitia kizunguzungu. Wamesimama lakini hawakanyagi."

"Ni sanaa," nikamwambia.

"Sawa. Lakini mkono wao wa kulia uko wapi?"

Sikumwelewa. Na kabla sijauliza, simu ikalia. Ni mwalimu wa Namoruputh, na nyuma yake kelele za wanaume.

"Ejok, madam. Aki kuna shida huku. Wazee wanasema baba yako ni mwizi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia, polepole, kama anayesoma imla. Ukoo wa baba yangu una nyumba mbili zilizogawana zamani, na alama yao ya kuchoma mifugo ni moja, fimbo iliyopinda. Ili mifugo isichanganyike, nyumba ya baba huchoma paja la kulia na kukata sikio la kulia. Nyumba ile nyingine huchoma kushoto na kukata kushoto. Nyumba hiyo nyingine ni majirani wa wajomba pale Namoruputh. Na mwaka jana walikuwa wameibiwa ngamia.

Nikageuka nikaitazama picha yangu. Tisa wote walikuwa na alama ya fimbo kwenye paja la kushoto. Sikio la kushoto limekatwa, safi kabisa. Ukimgeuza wa majini akasimama, anakuwa ngamia mwingine. Mimi ambaye kazi yangu ni kutazama, nilikuwa nimetazama kila kitu isipokuwa kitu ambacho Mturkana hutazama kwanza.

Niliishusha ile picha ukutani nikaondoka, hata sikuaga. Nililala kwa jamaa pale Kakuma bila kulala, na mchana uliofuata nilikuwa Lorugum. Habari ilikuwa imenitangulia. Baba alikuwa amekaa nje na fimbo yake, anakohoa.

"Nimeishi miaka hii yote bila kuiba hata mkia," akasema. "Leo nimeibishwa na binti yangu."

 Ile ngozi ya shanga haikuwa mapajani mwa mama. Alikuwa ameikunja, ameifunga kamba, ameipachika juu darini ambako tunaweka vitu visivyo na haraka. Nilipoiona kule juu nililia kweli, kilio cha kamasi, mpaka mbuzi wakanitazama. Nilimwambia mama nitakwenda Namoruputh mwenyewe. Akasema, "Nenda. Na usiwaonyeshe sanaa."

Nilikwenda kwa pikipiki, na ile picha kubwa nimeifunga mgongoni, na kamera yenye picha ya kwanza, ile isiyokatwa. Njiani nilitunga somo zima. Ningewapa wazee kioo cha pikipiki. Ningewaeleza habari ya mwanga. Nilikuwa na maneno ya Kiingereza pia, ya akiba.

Mjomba mkubwa alikuwa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, amekalia kigoda chake, tumbaku imevimbisha shavu. Wazee wa ile nyumba nyingine walikuwa upande wa pili, hawajatulia. Mwalimu alisimama katikati na simu yake kama mtu aliyeshika nyoka. Nikasalimia kote, nikapiga goti, nikaomba karai la maji. Likaletwa. Nikaanza.

"Mjomba, tazama humu. Ukiinua mkono wa kulia, yule wa majini..."

"Unanifundisha maji?" akaniuliza.

Nikatoa mkono kwenye karai.

"Mtoto wa dada yangu, mimi nimenywesha ngamia kabla mama yako hajaota meno. Ngamia wa majini namjua. Ana kichwa chini. Nikimwona kichwa chini, najua huyu si wa kukamuliwa. Wewe umemchukua ukamsimamisha. Sasa mimi nitajuaje? Hayo si maji tena. Hayo ni maneno yako."

Ule mhadhara wangu wote uliisha pale. Nikatoa kamera, nikamwonyesha picha ya kwanza. Wa juu tisa, wa chini tisa, na mstari wa ukingo katikati. Aliishika mbali, akaileta karibu, akawapa wazee wa upande wa pili. Wakainamia wote. Wakaonyeshana kwa kidole: paja la kulia. Sikio la kulia. Mmoja akageuza kamera kichwa chini, akaguna, akaigeuza tena, akaanza kucheka, cheko la meno machache. Akampiga mwenzake begani. Nusu ya Namoruputh ikaja kutazama, kila mtu akiigeuza kamera yangu huku na huku mpaka nikaogopa itavunjika.

Mjomba hakucheka. Alitema tumbaku kando, akanirudia.

"Hawa wa juu wamekonda."

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa nini hukutuma hawa?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya mbavu? Kiangazi hiki? Tazama wangu." Akanyoosha mkono, na kweli, ngamia wake waliokuwa nyuma ya shule walikuwa vitanda vya kamba vinavyotembea. "Kama ungeleta hawa, ningesema, shemeji amewalinda vizuri katika njaa, huyu ni mtu. Umeleta wanono, nikasema, huyu amewatoa wapi?"

 Nilijiona mdogo, na pia, sijui kwa nini, nilipata nafuu sana.

Ndipo akafanya kitu ambacho ukoo wetu utakisimulia mpaka tuchoke. Akajikohoza, akawatazama wazee wenzake kwa jicho la pembeni, akasema kwa sauti kubwa ya baraza:

"Lakini neno ni neno. Binti wa shemeji alituonyesha kwanza hawa wa chini. Sisi tuliahidiwa hao. Kwa hiyo tunataka tisa wa juu, na tisa wa chini."

"Mjomba!"

"Wa chini waje wamelowa, hatujali."

Waliangua kicheko mpaka mwalimu akafungua dirisha kuwanyamazisha wanafunzi waliokuwa wanacheka bila kujua wanacheka nini. Mwishowe wakakubali kwamba wale wa chini nitawalipia mimi kwa sukari, majani ya chai na tumbaku, na kwamba ngamia wa juu waje na mbavu zao zote. Ile picha kubwa niliyoibeba mgongoni mjomba aliichukua. Alisema atamwonyesha kila mtu anayekuja kuposa kwake, ajue kwamba macho ya nyumba hii hayalali. Nilirudi Lorugum gizani sijui kama nimetukanwa au nimesifiwa. Nilimkuta mama bado macho. Nilimwambia wamekubali. Alipanda juu ya ndoo, akaishusha ile ngozi, akaanza kuikung'uta vumbi palepale.

Ngamia walitembezwa polepole kwa ajili ya kifua cha baba, ambaye alikataa katakata kupanda gari akisema hajasikia mtu aliyekwenda kuoa amekaa. Alipanda kwenye pikipiki vipande vya njia tu, na alisema hivyo si kukaa.

Asubuhi ya harusi ng'ombe dume aliletwa uani kwa wajomba. Baba alishika mkuki, kikohozi kikamkata, ndugu yake akamshika kiwiko, na pamoja wakamaliza kazi. Wanawake wakapiga vigelegele vya kupasua masikio. Mama alikuwa amekalishwa juu ya ngozi, amepakwa mafuta hadi anang'aa, shanga zimepanda mpaka kidevuni, na juu yake, shingoni, pete nene ya chuma ya mke aliyeolewa. Alikuwa amenyooka mgongo sijapata kumwona hivyo. Mimi nilikuwa na kamera, na kulikuwa na madimbwi ya damu, masufuria mapya, miwani ya wageni, kila kishawishi unachokijua. Nilipiga watu. Nyuso, wima.

Jua lilipopanda, baba akaja akaketi kwenye kivuli karibu na mama, amechoka, anahema. Na kwa mazoea yake, bila hata kugeuka, akasema neno ambalo nimelisikia maisha yangu yote nyumbani kwetu.

"Maji."

Mama hakuinuka. 

"Leo nimeolewa," mama akasema. "Bibi harusi hachoti maji. Nenda wewe. Na ya kwanza ni yangu."

Baba akawatazama wajomba apate msaada. Mjomba mkubwa alikuwa anakagua tumbaku yake kwa makini mno. Basi mzee akashika fimbo, akajiinua, akaenda mpaka kwenye mtungi, akachota kikombe, akaanza kurudi kidogo kidogo, maji yakimwagikia miguuni. Nilimpiga picha hiyo, na sikuigeuza wala kuikata. Akamfikia, akampa kwa mikono miwili.

Mama akanywa yote, bila haraka, mpaka tone la mwisho. Akamrudishia kikombe.

"Ongeza," akasema.

Baba akaenda.